Taa za Mteremko wa Kyimo

Kanisani husema kusamehe ni kujitua mzigo. Mimi nilisema mzigo wangu niachiwe, nimeuzoea.

Nilikuwa dereva wa kiwanda cha chai, nikikusanya majani mabichi kwa wakulima wa Lupepo. Kiwanda kilikuwa na sheria yake: kila ukikamatwa na trafiki, mbali na faini unayolipa mwenyewe, unaandikiwa pointi tatu. Ukifikisha tisa unakabidhi funguo. Mimi nilikuwa na sita, na kila dereva alijua, maana orodha ilibandikwa getini.

Barabara nayo ina sheria yake. Ukiwaona trafiki na tochi yao ya kupima mwendo, unamwashia taa kila unayepishana naye, awe rafiki au mtu uliyemnunia. Ni ubinadamu tu. Basi asubuhi moja kwenye mteremko wa Kyimo, mimi nashuka, nikapishana na dereva mwenzangu wa kiwandani anapanda. Tumekaa benchi moja kanisani miaka. Alikuwa ametoka kuwapita trafiki sasa hivi. Alinitazama, akatabasamu, taa hakuwasha. Mbele kidogo afande akaninyooshea mkono: sitini na mbili penye hamsini. Jioni nikakabidhi funguo, na kesho yake lori langu, lenye gia laini na viti vipya, akapewa nani? Yeye.

Mimi niliambulia pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu. Nilimchukia yule mwenzangu wa benchi hadi chakula kikawa hakipiti. Dawa ya moto ni moto, nikasema, nikapanga.

Kila nilipopishana naye nilimwashia taa. Barabara tupu, hakuna afande wala kofia yake, mimi nawasha. Siku za kwanza alipunguza mwendo mpaka lori likatambaa, akawa anachungulia trafiki kwenye migomba. Wiki ya pili akaanza kunipigia honi za hasira. Wiki ya nne alinipita mbio bila hata kunitazama. Nikajua ameiva. Nilishasikia pia kwamba kwenye orodha ya getini amefikisha sita.

Jumatatu moja trafiki wakawapo kweli, chini ya mteremko ule ule. Nilikuwa napanda, yeye anashuka. Nikamwashia taa mara tatu, kwa uaminifu wote. Akaongeza mwendo. Niliegesha pembeni, nikageuka kumtazama akisimamishwa, akiteremka, akibembeleza. Nilifurahi, sitaficha. Nilimenya ndizi ya bosi nikala taratibu.

Wiki hiyo hiyo alikabidhi funguo. Nami nilikuwa na maneno niliyoyatunza miezi, nimwambie usoni ni nani aliyemfundisha kutoziamini taa. Jumapili baada ya ibada akanijia mwenyewe, mbele ya mke wake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kaka, siku ile uliniwashia, mimi nikadhani ni utani wako wa siku zote. Ningekusikiliza, leo ningekuwa na kazi. Ndaga fijo, kaka. Asante sana."

 Nikasema haya, tumwachie Mungu.

Nilitaka ajue ni mimi niliyemwangusha. Bila yeye kujua, hicho ni kisasi gani? Sasa kila Jumapili ananishukuru, na kila akinishukuru natamani kumpiga.