Aje Yeyote, Ila Babu Asije

Mwalimu wa mpwa wangu alimpigia dada yangu simu, dada akiwa kazini Mwenge. Alisema aje mtu mzima yeyote wa nyumbani, kuna jambo la kuzungumza kuhusu mtoto, ila babu asije. Dada akanipigia mimi. Aliongea chini chini, kama mtu aliye msibani.

"Kwa nini babu asije?"

"Hakusema. Nenda wewe, bosi hajaniruhusu kutoka. Na usiende kubishana, nakujua."

Babu mwenyewe ni baba yetu. Alikuwa amekuja kutoka Masasi kutibiwa macho, na tangu afike ndiye aliyekuwa akimpeleka mpwa wangu shule na kumrudisha. Au tuseme mtoto ndiye aliyekuwa akimpeleka yeye, maana jicho moja lilikuwa bado lina bandeji na la pili linaona ukungu.

Simu ilitoka dawati la ulinzi wa mtoto la pale shuleni, nami nilikuwa na msimamo wangu kuhusu dawati hilo. Chuoni nilisoma sosholojia, nikatoka na tabia ya kushuku kila kitu kilichoandikwa kwenye bango. Bango la shule ile lilisema hapa mtoto yuko salama, na siku ya kwanza nilipoliona, chini yake alisimama mwalimu na fimbo. Kwa hiyo nilifika shuleni Kunduchi nikiwa na maneno yangu tayari.

Mwalimu wa malezi alikuwa mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa. Ofisi yake ilikuwa stoo ya jezi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani kwa mtoto?"

"Mamdogo wake."

Akaanza kuuliza. Mtoto analala na nani? Nani anamwogesha? Mama akichelewa kazini, anabaki na nani? Nilijibu kwa kifupi, kisha uvumilivu ukaniishia.

"Mwalimu, haya maswali yanakwenda wapi?"

"Jana aliwaambia wenzake ana mume nyumbani. Nilipomuuliza ni nani, akasema ni babu."

Nilicheka kwa sauti. Babu gani wa kwetu hamwiti mjukuu wake mke? Bibi yangu mimi aliniita mke mwenza na kunisuta kwa kumwibia mume mpaka anafariki.

"Huo ni utani, mwalimu."

"Utani naujua, mdogo wangu. Mie babu yangu aliniposa sijaota meno. Kwa neno hilo peke yake nisingepiga simu. Nimepiga kwa sababu siku hizi kengele ya kutoka ikilia, huyu mtoto anajificha chooni asirudi nyumbani. Kabla ya hapo hakuwaga hivyo."

Kicheko kikanikauka. Nilianza kumtetea baba, nikajisikia kila sentensi inaanza na "baba yangu hawezi." Angekuwa mtu mwingine anaongea vile, ningemuuliza amejuaje. Nimehoji dini, serikali, wahadhiri wangu, hata wauza nyanya. Baba sikuwahi kumhoji. Nilimhoji pale pale, kwenye kiti cha plastiki. Nilikumbuka mtoto alivyokataa andazi mkononi mwa babu yake, alivyohama kwenye mkeka babu alipokuja kukaa. Sisi nyumbani tulisema anadeka.

"Naenda kumwita," mwalimu alisema. "Wewe kaa kule nyuma. Usimsaidie kujibu, na usikunje uso."

Mtoto alipoingia, mwalimu hakumketisha kumhoji. Alimpa jezi za kukunja, naye akachukua zake, wakawa wanakunja pamoja.

"Nyumbani kuna kitu hukipendi siku hizi?"

"Sitaki kwenda Masasi."

"Nani anakupeleka Masasi?"

"Mume wangu. Shule ikifungwa. Ameshatoa mahari."

"Mahari gani?"

"Soda." Akaanza kulia. "Na mimi nimeshainywa!"

Niliinuka, mwalimu akanitazama, nikakaa. Hakucheka. Alimfuta machozi kwa jezi ya golikipa, akaendelea kuuliza taratibu. Yaliyofuata yalikuwa maswali ambayo utotoni mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza. Kuna mtu anakushika mahali usipopenda? Hayupo. Kuna mtu anakwambia siri usimwambie mama?

"Yupo. Mamdogo."

Mwalimu akanitupia jicho.

"Siri gani?"

"Nisimwambie mama kwamba mamdogo mchana analala tu."

"Ahaa. Na babu, anakushika?"

"Ananishika mkono. Tukivuka barabara. Haoni."

Mwalimu aliweka jezi kwenye rafu, akachukua mkoba wake.

"Haya. Twendeni nikamwone huyo mume."

Baba alikuwa barazani na redio yake. Alitambua hatua zetu.

"Shikamoo, baba," mwalimu alisema, akajitambulisha.

"Marahaba, mwalimu. Mke wangu kafanya nini tena?"

Mtoto akajificha nyuma yangu. Mwalimu akaeleza yote bila kuzunguka: kujificha chooni, maswali aliyouliza, majibu aliyopata. Baba akazima redio.

"Kwa hiyo ulimuuliza mtoto kama nina ubaya naye."

"Nilimuuliza, baba."

"Yeye. Si mimi."

"Yeye kwanza."

Bandeji ilinizuia kuusoma uso wake. Nilijiandaa kusikia anaomba begi lake arudi Masasi siku hiyo hiyo.

"Kwetu wangekuja kuniuliza mimi," alisema hatimaye. "Ningesema hapana, tungekunywa chai, wangeondoka. Hata kama ningekuwa mtu mbaya." Akageuka upande tuliosimama, akamuuliza mtoto. "Na wewe, kweli ulidhani nitakuchukua?"

"Ameitikia kwa kichwa, baba," nilimwambia.

"Mama yangu wee! Basi nimekuacha. Si mke wangu tena."

Mtoto hakusogea. "Lakini mahari nimeinywa."

"Hapo ana hoja, baba," mwalimu alisema, uso mkavu kabisa. "Mahari haijarudi."

Nikaenda dukani kuchukua soda ya orenji kama ile ya mahari. Mtoto akaibeba kwa mikono miwili, akampa babu yake, akarudi nyuma kusubiri.

"Yote?" baba aliuliza.

"Yote."

Akainywa yote, machozi ya gesi yakimtoka jicho lisilo na bandeji, mwalimu shahidi. Mtoto aliichukua chupa, akaipindua kuhakikisha. Ndipo akasimama karibu naye.

"Na neno lenyewe tuliache, baba," mwalimu aliongeza. "Anaweza kulichukua kwa mwingine asiye na utani."

"Sawa. Nimwite nani sasa?"

"Muulize mwenyewe."

"Niite jina langu," mtoto alisema.

Baba akaliita. Lilitoka kwa kigugumizi, hakuwa amelizoea.

Kabla ya kuondoka mwalimu alimwita mtoto pembeni ya nyumba, wakaongea wawili tu. Nilitaka kujua wanasema nini. Baba akanishika mkono. "Mwache amalize kazi yake, mama."

Dada alifika jua linazama, viatu mkononi, amekimbia kutoka kituoni. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba hakuna baya, lakini aliyekuwa mlangoni hakuwa mtu aliyeuamini.

"Mwalimu kasemaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mtoto akatoka ndani mbio.

"Mama, nimeachika!"

Dada akanitazama mimi, akamtazama baba. Baba akacheua.

"Tutakueleza," nilisema. "Kaa kwanza. Mtoto yuko salama. Baba pia."

Akakaa pale pale kizingitini, mtoto mapajani, viatu bado mkononi.