Kiti Kitupu Kwenye Usaili

Tangu kupambazuka Teopista Nabulya alikuwa akihamisha kiti. Sebuleni mwanga ulimpiga kutoka nyuma, uso ukaonekana mweusi kama wa shahidi anayefichwa kwenye taarifa ya habari. Chumbani mtandao haukushika kabisa. Barazani ulishika vizuri, ila huko ilinguruma mashine ya jirani yao Kaggwa, iliyokuwa ikisaga mahindi ya mtaa mzima. Akarudi sebuleni, akageuza kiti kitazame dirisha, akaiegemeza simu kwenye birika, akaketi, akainuka tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukaguzi wa kahawa katika chama cha ushirika cha wakulima. Teopista alikuwa na stashahada ya kilimo, na tangu aipate alikuwa akipalilia migomba ya shangazi yake, akituma maombi huku na huko bila kujibiwa. Hiki kilikuwa chama cha kwanza kumwita. Ofisi yake ilikuwa papo hapo mjini Masaka. Kwa bodaboda ungefika kabla hujamaliza kubishana na dereva. Lakini wakubwa wa chama walikuwa wamehudhuria semina Kampala, wakarudi na habari kwamba usaili wa siku hizi hufanywa kwa video. Hawakuuliza mwombaji asiye na simu nzuri atafanyaje, wala asiye na chumba kimoja kimya katika nyumba ya watu wengi. Taabu yote ya usaili iliondolewa mezani kwao ikatwikwa kichwani mwa mtu asiye na kazi, nao wakaona wameendelea.

"Hayo macho unamkodolea nani?" aliuliza shangazi yake, Goreti, akiwa mlangoni na bakuli la maganda ya matoke. Ndiye aliyemlea Teopista na kumfunda.

"Kamera, shangazi. Ukiitazama kamera, wao wanaona unawatazama wao."

"Ndiyo maana nauliza. Wazee wanatazamwa hivyo? Watadhani wamekukanyaga."

"Nikiinamisha macho watasema sijiamini."

"Nani atasema? Wazungu?"

"Waganda, shangazi. Waganda wenzetu ndio watakaosema."

Goreti akaguna. "Basi angalau ungevaa gomesi, vazi la heshima. Hiyo blauzi ni ya kwenda kununua chumvi."

Mashine ilikuwa imeongeza mngurumo, na saa ya usaili ilikuwa imekaribia. Teopista akavuka njia kwenda kwa Kaggwa, akamkuta unga umemjaa hadi kwenye nyusi, wanawake wamepanga foleni na ndoo zao.

"Kaka Kaggwa, naomba uizime kidogo. Nina usaili."

"Usaili uko wapi?"

"Sebuleni."

"Kwenu?" Kaggwa akawageukia wateja wake. "Jamani, huyu anaomba kazi sebuleni kwao. Akiikosa atahamia wapi?"

Wanawake wakacheka. Mmoja alimwambia Kaggwa aache masihara, azime mashine, binti wa watu apate riziki. Kaggwa akaahidi kuzima akimaliza ndoo iliyokuwa mashineni. Teopista alirudi nyumbani mbio, mashine bado inanguruma, akaketi huku akijikumbusha kwa sauti: mgongo wima, macho mbele, usikimbize maneno. Mngurumo ulikatika simu ikiita.

Kwanza alijitokeza mama mmoja, Akello, mkuu wa ajira katika chama, mtu wa kaskazini asiyependa maneno mengi. Alimsalimu kwa neno moja, Teopista akamjibu vizuri, macho kwenye kamera. Kisha picha ikasogea, akaonekana mwenyekiti, Mzee Kasujja, mvi kichwani, koti juu ya kanzu.

"Umeamkaje, mwanangu?" alisema mzee.

Teopista hakukumbuka kuinuka kitini. Alijikuta sakafuni, magoti yamekunjwa upande mmoja, macho chini kama alivyofundwa kuwasalimu wakubwa. "Nimeamka salama, mzee wangu. Nanyi huko mmeamkaje?"

Kwenye picha waliyoiona ofisini kilibaki kiti kitupu na kalenda ya parokia ukutani.

"Amekatika," alisema Akello. "Mtandao wa upande ule nilijua tu."

"Hajakatika, namsikia. Hatujambo, mwanangu. Nyumbani wazima?"

"Wazima, mzee wangu."

"Sasa yuko wapi?" Akello aliuliza.

"Amepiga magoti," alijibu mzee, kama anayesema mvua imenyesha.

Mlangoni Goreti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Teopista alirudi kitini. Akello aliuliza kuhusu stashahada yake, unyevu wa kahawa na namna ya kuanika, naye alijibu kila swali. Ndipo Mzee Kasujja akakohoa.

"Mwanangu, una adabu, nimeiona. Nina shaka moja tu. Mkulima wa rika langu ataleta kahawa iliyochumwa mbichi, ataweka gunia mezani kwako. Wewe uliyepiga magoti kunisalimu, utaweza kuikataa?"

Salamu ambayo mzee mwenyewe aliipokea kwa raha sasa ilikuwa imegeuzwa kasoro ya Teopista. Asingepiga magoti, angeitwa mkosa adabu. Amepiga, ameonekana dhaifu. Huu ndio mtego ambao binti zetu hutegewa kila mahali na watu wenye nyuso za upole, na mtegaji hulala usingizi mnono.

"Nitamsalimu kwa magoti, mzee wangu, kwa sababu ni mkubwa. Gunia si mkubwa wangu. Nitalikataa." Shangazi yake alikuwa akimkonyeza aishie hapo, naye akamwona na kuendelea. "Naomba kuuliza. Vijana wa kiume mliowasaili kabla yangu, mliwauliza swali hili?"

Nyuso mbili kwenye simu ziliganda hata akadhani sasa mtandao umekatika kweli.

"Hatukuwauliza," alisema Akello.

Mzee Kasujja alitazama pembeni. "Tutakuarifu," alisema, na picha ikatoweka.

Siku ile Teopista hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Goreti hakumsemesha, isipokuwa kumwambia kwamba mdomo wake utakuja kumlaza njaa. Jua lilikuwa limeinama simu ilipoita.

"Mzee anasema una mdomo," alianza Akello. "Anasema pia kwamba kwenye mizani ya kahawa tumekosa mtu mwenye mdomo. Utaanza Jumatatu. Lakini ujue kituo tunachokupeleka wanunuzi wote ni wanaume, na waliokutangulia walikimbia. Bado unaitaka?"

"Bado naitaka," alisema Teopista, na akaomba aelekezwe njia.