Baridi Isiyofika Dar

Figo zilipomharibikia Mama, daktari alimkataza maji, yasije yakamjaa mapafuni. Alipimiwa kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni, basi. Kila tulipokwenda Dar kusafishwa damu, safari nzima alielekeza uso kwenye matundu ya AC ya gari, kwa kuwa ubaridi ule ulimpunguzia kiu. "Bila huu," aliniambia, "mimi siendi."

AC ikafa. Fundi wa kwanza alijaza gesi, ikapuliza vizuri siku chache, ikaisha. Akajaza tena. Mafundi wetu wana ugonjwa wa kujaza. Hakuna anayeuliza gesi ya juzi imekwenda wapi.

Fundi wa pili, wa hapa kwetu Dunda, Bagamoyo, alipaka povu la sabuni kwenye kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya gari. Mapovu yakachemka kila upande. Bati lake lilikuwa limelika, ukiligusa linapukutika.

"Kaka, gari hili mnaliosha kwa maji gani?"

"Ya kisima."

"Haya ya chumvi? Mmeliua wenyewe."

Muoshaji ni Baba. Kila siku ya kliniki, akitoka msikitini alfajiri, huchota ndoo na kulimwagia gari kuanzia mbele, ili mkewe asipande chombo chenye vumbi. Neno la mapenzi sijawahi kulisikia kinywani mwake. Ana ndoo zake tu. Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofika nikamwamkia, nikamwambia fundi ameagiza tutumie maji ya bomba.

"Bomba lenyewe limetoka lini?" akaniuliza.

Tukafunga kondensa ya mtumba. Safari iliyofuata, tulipofika Mapinga, upepo wa AC ukageuka kuwa wa moto. Nikabonyezabonyeza vitufe kama mwehu. Nikashusha vioo, likaingia joto la lami na vumbi la malori. Mama alikuwa akilamba midomo, na ulimi wenyewe mkavu.

"Mwanangu, geuza gari."

"Mama, usiposafishwa leo..."

"Najua. Geuza."

Nilisimama pembeni ya barabara nikalia, mtu mzima mwenye ndevu. Hakunibembeleza. Alimwita muuza maji, akachukua chupa kubwa ya baridi, akainywa taratibu hadi tone la mwisho, nami nikimtazama. Kisha tukarudi Bagamoyo.