Kofia Mkobani

Juzi, kwenye zahanati moja ya Mji wa Kale, nilimsikia muuguzi akimhoji mshona kofia anayetibiwa kifua kikuu sugu.

"U hali gani, baba?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Dawa haikutii ganzi vidoleni?"

"Sijambo, mwanangu."

Muuguzi hakubishana naye. Alitoa mkobani mwake sindano na kofia ambayo haijamalizwa kushonwa. "Basi nishonee kitundu kimoja cha nakshi."

Sindano ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mzee akainama. "Nilichelea mtanikatiza dawa."

"Daktari ataipunguza hiyo moja tu inayotia ganzi. Nyingine utazimeza mpaka upone."

Sisi watu wa Mombasa, tukiulizwa hali, hujibu njema hata tukiwa juu ya jeneza. Muuguzi yule anatujua, ndiyo maana swali lake huiuliza mikono.