Ruta ya Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya mtunza stoo iliganda tena na mteja aliyepiga kutoka Mtumba akakata. Nilikuwa kaunta, fundi niliyeitwa kufunga ruta ya tatu ya Wi-Fi.

Duka lile la vifaa vya ujenzi lilikuwa na desturi yake. Wateja wengi wa mbali waliwahi kuuziwa kwingine bati jembamba kwa bei ya nene, hivyo hawakutuma pesa kabla ya kuona kwa video geji, namba ya unene iliyoandikwa kwenye bati. Mtunza stoo, mama wa Kigogo, alipokea simu kaunta, akatembea huku akizungumza hadi stoo ya nyuma. Akivuka mlango tu, picha inaganda. Wateja walidhani anaficha bati. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, naye alishaanza kudhani hivyo. Aliniambia pembeni kwamba hali isipobadilika, mwisho wa mwezi atatafuta mtu mwingine.

Mama alikuwa amelihisi hilo. "Ningekuwa na bati la kuficha," aliniambia, "si ningeezekea kwangu?"

Nilitembea naye njia ile ile, nikitazama simu. Stoo ilikuwa na ruta yake, yenye jina na nywila sawa na ya kaunta. Lakini hata tulipokuwa chini yake, simu iling'ang'ania ya kaunta. Nilikuwa nimejifunza kwa kusoma mwenyewe kwamba simu ndiyo inayoamua lini ihame, na haihami mpaka mawimbi ya ruta ya kwanza yadhoofike vya kutosha. Ya kaunta yalifika stoo bado yana nguvu. Majibu ya simu, ambayo nguvu yake ni ndogo, ndiyo yaliyoishia kwenye marundo ya mabati.

Nilifungua mipangilio. Ruta zote mbili zilikuwa zimepandishwa nguvu hadi mwisho. Mzee alisema ni agizo lake.

"Nimelipia nguvu yote, fundi. Nitumie nusu kwa nini?"

Nilimwomba aite kwa sauti kubwa kuelekea stoo, na mama, aliyebaki huko ndani, amjibu kwa sauti yake ya kawaida. Aliita. Tukasubiri. Mama akaja mlangoni kuuliza kama jibu lake limesikika.

Mzee alinitazama. "Haya, punguza. Ukiharibu, hulipwi."

Nilipunguza zote mbili, ili simu iiachie ya kaunta mapema na kuhamia ya stoo, kisha tukampigia mteja wa Mtumba. Mama akatembea. Mlangoni picha ilitikisika kidogo, ikatulia, naye akasoma geji. Mteja akamwomba ageuze bati, akaligeuza bila haraka. Akanunua.

"Kesho uwahi, dada," mzee alimwambia mama. "Kuna mzigo unashuka."

"Na mwezi ujao?" mama aliuliza.

Mzee alinigeukia mimi kwanza, kisha akamgeukia yeye. "Na mwezi ujao."

Boksi la ruta ya tatu sikulifungua. Mzee alilirudisha alikolinunua, akarejeshewa shilingi laki tatu na themanini elfu.