Maziwa Aliyoyamwaga

Jirani amechemsha maziwa ya unga asubuhi hii, na harufu yake imenirudisha utotoni Gihundwe, kwenye foleni ya akina mama wenye vikombe vya bati. Aliyegawa alikuwa mwanzilishi wa chama cha huruma cha Wakristo, mtu ambaye mji mzima ulimwita Papa, yaani Baba. Zamu yetu ilipofika alijaza kikombe cha mama, kisha akamtazama.

"Jumapili sikukuona ku kanisa, Maman."

"Nilienda Bukavu kuuzisha ndizi, Papa. Batoto balikuwa na njala."

Aliyamwaga maziwa chini polepole, mbele ya watu wote, akamrudishia kikombe kitupu. Matone ya moto yalinirukia miguuni. Mama aliinamisha kichwa, akasema, "Aksanti, Papa." Kwa ile aksanti sijamsamehe mzee huyo mpaka leo.

Jumapili hii kanisa linamsherehekea kwa maisha yake ya kuwalisha maskini. Wameniomba mimi, mmoja wa watoto aliowanywesha, niseme neno. Nimekubali. Nimewaomba tu wamkalishe mbele kabisa, karibu na spika, kwa kuwa siku hizi hasikii vizuri.