Makovu Yangu Si ya Ndui

Mhariri, jina langu lifiche, lakini maneno yangu yaweke yote, wasomaji wako wayaone.

Mimi ni mzee. Nilikuwa na mke na ng'ombe kabla Mdachi hajajenga boma Mpwapwa. Kusoma nilijifunza uzeeni, majuma manne tu, na wenzangu wote niliwapita. Pembe za ndovu nimebeba mpaka pwani, mzigo wa watu wawili. Sijapata kuogopa kitu. Sasa naogopa.

Ndui ilipoingia huku Gulwe, wagonjwa waliwekwa vibandani ng'ambo ya korongo. Amri ikatoka: mwenye makovu ya ndui awauguze, maana haimrudii, wengine wote wachanjwe. Nilipokiona kile kisu cha chanjo nikajipiga kifua. "Bwana, uso wangu huuoni? Ndui niliishinda zamani!" Mganga akanitazama mashavu, akaniandika muuguzi.

Uongo. Ujanani chungu cha pombe kilipasuka motoni, uji wake wa moto ukanirukia usoni. Hata mke wangu anaamini ni makovu ya ndui. Naye siku ya chanjo nilimwambia ajifiche porini, kwamba mke wa mtu kama mimi hashikwi na ndui.

Mwenzangu kazini, Sudi, yeye aliugua ndui kweli. Hana hofu, anawageuza wagonjwa kama magunia. Mimi kila ngozi naiona yangu, basi nawageuza polepole, nawatilia maji tone kwa tone. Kuna mama wa Kibakwe, macho yameziba kwa usaha. Akisikia nyayo huuliza, "Ni wewe, babu?" Nikiitika ndipo ananyoosha mkono. Sudi hunicheka: "Mzee, unawabembeleza kama maharusi!" Watu wanasema nina huruma kuliko wote. Ilikuwa hofu, ndugu zangu. Siku hizi hata mimi sijui ni kitu gani, ila mama yule akiita siwezi kukaa.

Juzi nilishikwa na homa. Nikasema ni jua, nikaenda nyumbani, nikala bakuli moja na mke wangu. Leo mgongo unauma kama unapasuliwa kwa shoka. Hivi ndivyo wote wanavyoanza. Nimewaona.

Mganga anafika kesho kwa gari la moshi. Nikisema kweli, mke wangu atachanjwa upesi, labda atapona. Lakini mimi nitakuwa mwongo wa nchi nzima, nichapwe viboko, kisha nilale humu vibandani mikononi mwa Sudi. Na yule mama atanyoosha mkono, asishikwe na mtu. Nikinyamaza, naweza kumuua mke wangu.

Hapa ninapoandika, mke wangu amefika kwenye jiwe tunapowekewa chakula. Nimempigia kelele akae mbali. Anacheka, bado anakuja na kibuyu chake.

"Leo una nini, baba? Si wewe husema hushikwi?"

Nishaurini upesi, nimjibu nini? Nifanye nini?